Blanketi la mtoto la flaneli, matabaka matatu: namna ya kulishona nyumbani

Mtoto wa kuzaliwa Julai kule Kibosho juu na mtoto wa kuzaliwa Februari pale Pasua hawafunikwi blanketi la namna moja. Moshi mjini tuko kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini wako karibu na mita 1,400, na kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Anayepanda daladala ya Marangu au Machame anaijua tofauti hiyo bila kipimajoto: stendi ya Moshi aliondoka na shati, akishuka anatafuta sweta. Kwa hiyo kabla hujauliza rangi wala maua, uliza mtoto atalala wapi na mwezi gani. Hapo ndipo utajua ushone matabaka mangapi.

Mimi nashauri hivi. Moshi mjini, miezi ya joto, matabaka mawili yanatosha kabisa. Arusha, au Moshi kati ya Juni na Agosti, weka matatu. Huko juu kwenye migomba weka matatu pia, na kama baridi bado inapenya, mwongezee mtoto nguo na kofia. Tabaka la nne usiliweke: blanketi linakuwa gumu, cherehani ya nyumbani inaanza kuruka nyuzi, na likifuliwa wakati wa masika litashinda na kulala kwenye kamba bila kukauka.

Kinachomtia mtoto joto ni hewa iliyotulia ndani ya kitambaa, wala si uzito wake. Flaneli ni pamba iliyokwanguliwa uso mpaka ikatoa manyoya mafupi, na manyoya hayo ndiyo yanayoishika hewa. Ukilaza kitambaa juu ya kitambaa unapata na hewa ya katikati. Ndiyo maana matabaka matatu mepesi hushinda moja zito, na tena yanafulika. Halafu pamba inanyonya, jambo kubwa kwa mtoto anayecheua, anayetoka jasho, ambaye mkojo wake mara nyingi hupenya nepi. Yale mablanketi ya manyoya ya polista yaliyojaa madukani ni laini na hukauka haraka, siyakatai. Ila hayanyonyi. Mtoto aliyefungwa humo mchana hutota jasho, kisha jasho linampoea mwilini.

Kitambaa

Flaneli ya kukatiwa kwa mita huipati kila duka. Moshi, pita maduka ya vitambaa ya katikati ya mji. Arusha, anzia maduka yaliyo jirani na Soko Kuu. Sema unataka flaneli ya pamba ya kushonea watoto, na ushike kwa mkono kabla ya kulipa. Upana ukiwa sentimita 110 au zaidi, mita tatu na nusu zinatosha matabaka matatu ya blanketi la sentimita 90 kwa 90. Ukichanganya vitambaa tofauti, nunua mita moja na robo ya kila kimoja.

Lakini kama una muda, nenda kwenye mitumba, Memorial kwa Moshi au Kilombero kwa Arusha, utafute shuka za flaneli. Zinatoka nchi zenye baridi kali na hufika zikiwa zimeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo zimesharudi (yaani zimeshapungua ukubwa), zimelainika, na rangi iliyokuwa ya kuchuja ilishachuja huko huko. Shuka moja la kitanda kipana hutoa matabaka yote matatu. Linyanyue kuelekea jua ulikague lote: panapopitisha mwanga kuliko pengine ndipo palipochakaa, na hapo patatoboka mapema. Mashati ya drafti ya flaneli nayo yanafaa ukipenda kuunganisha vipande kwa ajili ya uso wa blanketi, ingawa kazi inakuwa ndefu zaidi.

Muuzaji akikuambia ni pamba, mwamini, halafu ukifika nyumbani uhakikishe. Chomoa nyuzi chache pindoni, ziweke kwenye sahani ya bati, ziwashe kwa kiberiti. Pamba inawaka upesi, inatoa harufu ya karatasi inayoungua, na jivu lake linapukutika ukiligusa. Polista inajikunja, inayeyuka, na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa cha mchanganyiko kinafanya yote mawili. Hicho kitumie kwa kitu kingine.

Vifaa vingine ni vya kawaida: mkasi unaokata kweli, chaki ya fundi, futi kamba, rula ndefu au ubao ulionyooka, pini, uzi imara wa rangi inayolingana, uzi wa rangi tofauti wa kupigia bandi (mishono mirefu ya muda ya kushikiza matabaka), pasi, na sindano mpya ya cherehani namba 14. Sindano iliyokwisha kutumika kwenye jinzi usiithubutu hapa.

Kufua kabla ya mkasi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayoharibu mablanketi mengi. Flaneli ya pamba hurudi kuliko pamba ya kawaida. Sentimita 5 kwa kila mita ni jambo la kutarajia, na vingine hurudi zaidi ya hapo. Ubaya wenyewe hauko kwenye kupungua, uko kwenye kupungua kusikolingana: tabaka la juu linarudi hivi, la katikati vile, la chini halirudi kabisa, na blanketi lililotoka kwenye cherehani limenyooka linajikunjakunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Likishafika hapo hakuna pasi ya kulinyoosha.

Piga kwanza mshono mrefu kwenye ncha zilizokatwa dukani ili zisifumuke. Kisha loweka kila kitambaa peke yake kwenye maji ya moto kiasi mkono unachovumilia, fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani, piga pasi ya moto. Kitambaa kipya kirudishe majini mara ya pili. Cha mitumba nacho kifue, tena vizuri, kwa sababu hujui kilikuwa wapi. Usitie yale maji ya kulainisha nguo yanayonukia, maana yanapunguza uwezo wa pamba kunyonya na manukato yake huwasha ngozi changa.

Wakati kitambaa kingali kibichi, kisugue na kitambaa cheupe. Cheupe kikitoka na rangi, hasa nyekundu au bluu ya giza, rudia kufua. Kikiendelea kuchuja, kiache. Watu husema kukitia chumvi kutashika rangi. Chumvi haiponyi rangi iliyotiwa vibaya kiwandani, na mtoto atakinyonya kitambaa hicho mdomoni.

Kukata

Tabaka zote zikatwe kwa kufuata uzi. Nyuzi za urefu, mtande, zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani, hazivutiki sana. Nyuzi za upana, mshindio, huvutika zaidi. Ukilaza tabaka moja kwa urefu na jingine kwa upana, kila moja litavutika kivyake. Kwa hiyo weka alama ndogo ya chaki inayoonyesha upande wa mtande kwenye kila kipande, na alama hizo zielekee upande mmoja.

Njia rahisi ya kuupata uzi ulionyooka ni kuchana: kata kidogo kwa mkasi pembeni, kisha shika pande mbili uchane. Flaneli itafuata uzi wake yenyewe. Ukingo utabaki umejikunja kidogo, pasi itaunyoosha. Ule ukingo wa kiwandani uondoe, kwa kuwa umefumwa kwa kubana na utavuta blanketi.

Kata vipande vya sentimita 93 kwa 93. Sentimita 1.5 zitaingia kwenye mshono kila upande, na blanketi litatoka na 90. Halafu chukua sahani ya chakula, ilaze kwenye kila pembe, chora duara kwa chaki na ukate. Pembe za duara zinageuka vizuri zaidi kuliko zilizochongoka, na hazibaki na donge gumu la matabaka linalomchoma mtoto shingoni.

Kupanga na kushona ukingo

Kwanza laza tabaka la katikati chini. Juu yake laza kitambaa cha usoni, uso wake mzuri ukitazama juu. Juu yake laza cha mgongoni, uso wake mzuri ukitazama chini, ili nyuso mbili nzuri zikutane. Ukikosea mpangilio huu utajua wakati wa kugeuza, na itabidi ufumue. Hesabu pini kabla ya kuanza, andika idadi yake kwenye karatasi, bana ukingo wote kila baada ya sentimita 8 hivi.

Anza kushona katikati ya upande mmoja, usianzie kwenye pembe. Zunguka kwa sentimita 1.5 kutoka ukingoni, ukichomoa pini kabla sindano haijaifikia, mpaka ubakize uwazi wa sentimita 20. Mwanzo na mwisho rudi nyuma mishono michache ili uzi usifumuke utakapogeuza.

Sasa punguza ukingo wa lile tabaka la katikati peke yake hadi nusu sentimita, ili pindo lisiwe nene. Kwenye pembe za duara kata vipembe vidogo vidogo kuuelekea mshono bila kuugusa. Ingiza mkono kati ya kitambaa cha usoni na cha mgongoni, shika pembe ya mbali, geuza. Sukuma mzunguko wa pembe kutoka ndani kwa mpini wa mwiko, mkasi utatoboa. Piga pasi ukingo wote, kunja uwazi uingie ndani kwa sentimita 1.5, ubane kwa pini, kisha shona mzunguko mzima kwa nusu sentimita kutoka ukingoni. Mshono huo mmoja unaziba uwazi na unaufanya ukingo ulale.

Wako wanaopenda mtindo wa miraba iliyoshonwa mishono ikiwa nje, ikakatwakatwa ili ukingo utoe manyoya. Unapendeza macho. Kwa mtoto mchanga siukubali, kwa sababu nyuzi zinazochomoka huweza kujizungusha kwenye kidole cha mkono au cha mguu na kukibana mpaka damu isipite, na mtoto atalia bila wewe kujua sababu. Mtengenezee akifikisha miaka mitatu.

Bandi, kisha mistari

Blanketi lenye ukingo tu litakusanyika katikati baada ya kufuliwa. Mistari ya kushikamanisha matabaka ndiyo inayolipa maisha.

Lilaze kwenye sakafu iliyopigwa deki na kukauka, au meza kubwa. Lisawazishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, bila kulivuta. Piga bandi kwa sindano ya mkono na uzi wa rangi tofauti, mishono ya sentimita 5 hivi, ukianzia katikati: kwanza msalaba, kisha mistari ya kujaza. Kazi hii inachosha mgongo na inakushawishi uiache nusu. Usiiache. Meno ya cherehani huvuta tabaka la chini wakati mguu unakandamiza la juu na kulichelewesha, na flaneli kwa manyoya yake inang'ang'aniana. Bila bandi utamaliza mstari ukiwa na mkunjo mwishoni.

Chora kwa chaki mistari iliyonyooka kila baada ya sentimita 15, kufuata uzi. Mistari ya mshazari inapendeza lakini huko ndiko kitambaa kinakovutika zaidi, na kama ni blanketi lako la kwanza iache. Ongeza urefu wa mshono kwenye cherehani mpaka upate mishono minane hivi kwa inchi. Kama cherehani yako ina skurubu ya juu inayopunguza mkandamizo wa mguu, ilegeze kidogo. Jaribu kwanza kwenye mabaki ya matabaka matatu mpaka mshono wa juu na wa chini uonekane sawa.

Shona mstari wa katikati kwanza, halafu wa kulia kwake, wa kushoto kwake, ukienda nje, na mistari yote ielekee upande mmoja. Ukishona mmoja kwenda na mwingine kurudi, kitambaa kinasokotwa kati yao. Sehemu inayoingia chini ya mkono wa cherehani ikunje kama mkeka. Endesha polepole, viganja vikiongoza tu. Cherehani ndiyo ivute. Ukimaliza upande huo, shona mistari ya kukatiza, kisha fumua bandi yote.

Katikati ya kazi simama usafishe cherehani. Flaneli inatoa vumbi la pamba linalojaa chini ya bamba la meno na ndani ya nyumba ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na cherehani huanza kuruka nyuzi au kukata uzi ghafla. Watu hudhani uzi ni mbovu. Fungua, futa kwa brashi ndogo, tia tone la mafuta ya cherehani, kisha shona kwanza kwenye kipande cha taka mpaka mafuta yaishe.

Huna cherehani? Fanya kila kitu mpaka bandi, halafu peleka kwa fundi wa barazani umlipe ushonaji wa ukingo na mistari tu. Mwambie wazi kwamba hutaki mishono midogo. Kwa mkono pia inawezekana, mshono wa kurudi nyuma kwenye ukingo na wa kawaida kwenye mistari, ila jipe jioni za kutosha.

Mwisho hesabu pini na ulinganishe na karatasi. Ikipungua hata moja, blanketi lisiende popote mpaka ipatikane. Kandamiza blanketi lote kwa viganja, sentimita kwa sentimita, na upitishe sumaku kama unayo. Vifungo, shanga, utepe na vibandiko usiweke.

Likishafika kwa mtoto

Blanketi hili ni la kumfunga mtoto akibebwa, kumpeleka kliniki asubuhi ya baridi, kumlaza mkekani akiwa macho mbele yako. Kwa usingizi uwe mwangalifu zaidi. Madaktari wa watoto hushauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila vitu laini vilivyolegea karibu na uso. Usiku wa baridi ni bora umvalishe nguo za kutosha. Ukilazimika kumfunika, blanketi liishie kwapani, pembe zake zichomekwe imara chini ya godoro, kichwa kisifunikwe kamwe. Ukimbeba mgongoni, lizungushe chini ya mbeleko huku uso ukibaki wazi, na unapomfunga acha miguu ikunjike na kutanuka, kwani kuibana ikiwa imenyooka huumiza nyonga. Kujua kama ana joto mno, gusa shingo kwa nyuma au kifua. Viganja vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa salama.

Flaneli ya pamba inashika moto haraka kwa sababu ya yale manyoya. Isikaribie koroboi wala jiko. Na hili ninaliomba kwa nguvu zote, hasa kwa wenzetu wa Arusha na wa milimani: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu na inaua watu wazima, seuze mtoto.

Lifue kwa maji ya uvuguvugu, ukamue kwa kukandamiza bila kusokota, ulianike kwenye kamba juani, lisilazwe majanini. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake huingia ngozini. Kwa hiyo piga pasi ya moto pande zote mbili na kwenye mishono kila linapofuliwa, hata kama limekauka vizuri. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafanya kazi hiyo hiyo, ukiwa nje na mtoto akiwa mbali.

Ukilipeleka kama zawadi siku ya kwenda kumwona mzazi, lifue na kulipiga pasi kabla ya kulikunja, na mweleze anayemhudumia, awe mama mkwe au dada wa kazi, namna ya kulianika. Yeye ndiye atakayelifua huku mzazi akinywa mtori wake.